Kokoto Zisizooshwa

Paka ndiye aliyeharibu mambo. Kama angekufa, watu wangesema ni uzee, wangesema pole, na yangeisha. Lakini paka hakufa, alihama. Asubuhi moja aliruka ukuta akaenda kuishi kwa jirani mwenye vumbi na makombo, na tangu siku hiyo kila Mzee Dawa alipomwita, paka alimtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama bosi wa kazi aliyoiacha. Binti yake alipokuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi na kuuliza paka yuko wapi, mzee alimjibu kweli tupu, maana uongo haukuwahi kumkaa mdomoni.

"Amehama."

Binti akafungua daftari, akaandika.

Huyu binti alikuwa mkaguzi wa shule. Kazi yake ilikuwa kuingia kwenye shule za watu bila hodi, kuhesabu vioo vilivyovunjika, kunusa vyoo na kuandika. Tangu mama yake afariki, mwaka na miezi sasa, alikuwa akimkagua baba yake kwa mtindo uleule, kwa daftari lilelile, na mzee hakuona ajabu, kwa sababu naye maisha yake yote alikuwa mtu wa kuandika vipimo. Ukurasa ulikuwa na safu nne: Chakula, Afya, Mazingira, Usafi. Kwenye Usafi mzee alipata kumi juu ya kumi kila mwezi. Kwingine alama zilikuwa za kutia aibu.

"Baba, kuku umewagawa," binti alisema. "Maua ya mama yamekauka. Mlimau umeupaka chokaa mpaka kwenye matawi."

"Chokaa inazuia mchwa."

"Na malimau je?"

"Yamezuiwa pia."

Binti alifunga daftari. "Unakula mkate na chai. Asubuhi mkate na chai, jioni chai na mkate. Nyumba inanuka hospitali. Kila kitu kilichobaki mikononi mwako kimekufa au kimekimbia, na sasa umebaki wewe. Mimi nina chumba kile cha nyuma, hakina mtu. Uje ukae kwangu."

"Mimi nakaa hapa."

"Nakupa muhula mmoja," alisema binti, kwa sauti aliyowapa walimu wakuu. "Miezi mitatu. Mwisho wa muhula nikikuta kitu kinachoishi humu, kimefugwa na wewe, kinakua, basi nitanyamaza milele. Nisipokuta, unafunga nyumba unakuja. Tumeelewana?"

Walielewana. Mzee alitaka sana kusema neno, lakini neno lenyewe lilikuwa kwamba katika nyumba hii alikaa na mkewe miaka thelathini na nne, na akiondoka hatakuwa tena na mahali pa kumkumbukia. Neno la namna hiyo halikai kwenye safu yoyote. Akasema, "Chai itapoa."

Jina la Mzee Dawa hakulipata kwa uganga. Kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kutia dawa kwenye maji ya mji. Kila alfajiri alipanda ngazi za chuma za mtambo wa maji, akapima, akafungua valvu, akaiacha klorini iingie kwa kipimo chake, akafunga, akaandika, akashuka. Mji mzima ulikunywa kutoka mkononi mwake bila kumjua sura. Akialikwa harusini aliinusa kwanza glasi ya maji, na harufu ya dawa isipomridhisha aliomba soda. Vijidudu vilikuwa adui zake wa kazini. Hakuvichukia, alikuwa akiviua tu, na jioni anarudi nyumbani kula.

Halafu mkewe akaingia hospitali kwa upasuaji mdogo, wa kuingia Jumatatu na kutoka Jumatano. Kidonda kikaingia vijidudu. Daktari alieleza kwa maneno marefu, lakini mzee alielewa tangu neno la kwanza. Miaka thelathini na moja alisimama mlangoni mwa mji akivizuia, na kumbe vilikuwa na njia nyingine ya kuingia nyumbani kwake. Aliporudi kutoka mazikoni alivua viatu, akachota ndoo, akamimina dawa, akaanza kusugua. Mpaka siku paka anahama, hakuwa amemaliza.

Wazo la samaki alilipata kwenye televisheni. Mtu mmoja mwenye kofia alikuwa akionyesha uani kwake: chini pipa la samaki, juu yake pipa jingine lililopasuliwa kwa urefu, limejaa kokoto na kupandwa mboga. Pampu inapandisha maji ya samaki kwenye kokoto, mboga zinakula uchafu, maji yanashuka yakiwa safi, samaki wanayachafua upya. Hakuna udongo, hakuna jembe. Mzee Dawa alisogeza kiti. Samaki hawakumvutia hata kidogo, na mboga kwake zilikuwa majani tu. Yeye aliona mabomba. Aliona valvu, koki, tangi la juu na tangi la chini. Ulikuwa mtambo wa maji kamili, wa kukaa uani, na haukuwa na mkurugenzi.

Sehemu moja tu hakuiamini, pale mwenye kofia aliposema kwamba maji yanajisafisha yenyewe. Maji hayajisafishi. Yangekuwa yanajisafisha, yeye asingeamka alfajiri miaka yote ile. Lakini mtu wa televisheni, alijiambia, hana budi kusema kitu.

Kwa wiki nzima alijenga. Alipata mapipa mawili ya plastiki ya bluu, akayaosha mara tisa. Alipanga matofali kwa pimamaji, akafunga kila kiungo cha bomba kwa utepe mweupe raundi nne, akabandika vibandiko kwenye koki: KUINGIA, KUTOKA, DHARURA. Dharura ilikuwa haijulikani ni ipi, lakini mtambo usio na koki ya dharura hakuwahi kuuona. Pampu ilipowashwa na maji yakapanda, yakapita kwenye kokoto, yakarudi chini kwa mlio wake, mzee alisimama mikono nyuma na kwa mara ya kwanza baada ya mwaka alijisikia kama mtu aliyeajiriwa.

Vifaranga vya samaki vililetwa na shemeji yake. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu, mwanamke wa sauti kubwa aliyekuwa na mabwawa bondeni, na utani kati yake na mzee ulikuwa na umri wa ndoa. Aliingia saa tatu asubuhi na mfuko wa maji wenye perege ishirini, kila mmoja urefu wa kidole.

"Hawa, shemeji, hata kwenye dimbwi la barabarani wanaishi," alisema. "Hawa ukitaka wafe inabidi uwaombe. Ukiniulia hawa nitawatangazia watu."

Walikufa kabla ya adhuhuri.

Shemeji aliitwa tena. Alichovya kidole kwenye pipa, akakinusa. Mzee alisimama kando na daftari la vipimo, tayari kujitetea.

"Maji haya ni ya bombani?"

"Ya bombani. Nimeyapima mwenyewe. Mtoto mchanga anakunywa."

"Na ile dawa ya kwenye maji ya bombani, kazi yake ni nini?"

"Kuua."

"Kuua nini?"

"Kila kitu," alisema mzee kwa fahari, kisha akatazama samaki waliokuwa wakielea ubavu. "Kila kitu kidogo," alirekebisha.

"Na hawa umeona ni nyangumi?"

Ukweli ni kwamba alijua. Alijua kuliko mtu yeyote mjini kwamba maji yakikaa juani siku tatu yakizungushwa, dawa yote hutoka. Lakini kwake dawa kutoka kwenye maji ilikuwa ajali ya kazini, kitu cha kuandikiwa barua. Hakuwahi kuwaza kwamba kuna kiumbe ambaye angeishukuru. Na kwa miaka thelathini na moja hakuna samaki aliyewahi kuleta malalamiko ofisini.

Basi akajifunza. Aliyaacha maji siku tatu, akayapima mpaka kipimo kikasoma sifuri, na sifuri ile ilimuuma moyoni kama dhambi. Akapewa perege wengine ishirini pamoja na matusi ya kishemeji. Hawa waliishi. Asubuhi aliwapa chakula kwa kijiko, wakapanda juu kwa fujo midomo wazi, na mzee akagundua kwamba anawasubiri asubuhi kama wao wanavyomsubiri. Miche ya spinachi ikasimama kwenye kokoto. Alianza kubeba mkate wake na chai kwenda kula uani, kando ya pipa, na mara mbili tatu alijikuta akiwaeleza samaki habari ya valvu. Binti alipokuja mwisho wa mwezi wa kwanza aliandika mstari mmoja, akaficha ukurasa kwa mkono, lakini alitabasamu.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wiki iliyofuata kokoto zikaanza kuteleza. Mzee aliona ute, kwanza mwembamba, kisha wa rangi ya chai ya rangi, umezivaa kokoto zote, na ukisogeza pua kulikuwa na harufu ya tope baada ya mvua. Alivumilia siku tatu. Siku ya nne hakula. Siku ya tano aliing'oa miche, akazitoa kokoto zote, akakaa kwenye kigoda, akazisugua kwa brashi moja moja. Kisha akazilaza kwenye dawa. Lakini alikuwa ameshafunzwa, hakurudia kosa: alizisuuza mara saba, akazianika juani siku mbili, akazinusa, akahakikisha hakuna dawa hata chembe. Alizirudisha zikiwa zinang'aa kama meno ya bandia. Aliona amefaulu mtihani kwa maksi zote.

Kesho yake maji yakawa na ukungu. Keshokutwa samaki wakawa juu wanahema. Siku ya tano alikuwa na samaki ishirini wanaoelea ubavu na mtambo msafi kuliko yote duniani. Na siku ya sita ikawa Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa pili.

"Mbona samaki siwaoni?" aliuliza binti.

"Wamekufa."

"Lini?"

"Jana."

Binti alipitisha kidole kwenye ukingo wa pipa, akakitazama, hakikuwa na kitu. Akaandika kumi juu ya kumi, na safari hii aliiandika polepole.

"Umebaki mwezi mmoja, Baba. Chumba nimeshapaka rangi."

"Rangi gani?"

"Nyeupe."

"Nyeupe ni nzuri," alisema mzee.

Shemeji hakuja na matusi safari hii. Aliitazama ile kazi inayong'aa, akageuza ndoo, akaikalia.

"Umeziosha kokoto."

"Moja moja."

"Shemeji, ule ute ndio mtambo."

"Mtambo ni pampu."

"Pampu ni pampu tu. Samaki wanakojoa. Ndiyo, wanakojoa, usinitazame hivyo. Ule mkojo ni sumu na unawarudia wenyewe. Sasa kwenye ule ute wa kokoto kuna vijidudu, na vile vijidudu ndivyo vinavyoila ile sumu, vinaigeuza chakula cha mboga. Ndiyo maana wanasema maji yanajisafisha. Hayajisafishi; yana wafanyakazi. Wewe umewaua wafanyakazi wote kwa brashi, halafu ukawaambia samaki maisha yaendelee."

"Vijidudu," alisema mzee.

"Vijidudu."

"Unataka nifuge vijidudu."

"Samaki nitakupa mimi. Mboga zitaota zenyewe. Kazi yako wewe ni kufuga vijidudu, hakuna nyingine."

Mzee Dawa alisimama, akaingia ndani, akakaa kwenye ukingo wa kitanda upande wake. Upande wa pili shuka lilikuwa limenyooka kama karatasi. Alikuwa na hasira, na hakujua amkasirikie nani, maana samaki walikuwa wamekufa na shemeji alikuwa amesema kweli. Shemeji alimfuata mpaka mlangoni, akaegemea fremu. Sauti yake kubwa alikuwa ameiacha uani.

"Najua," alisema. "Usidhani sijui. Lakini si vyote vilivyomuua dada yangu."

Mzee aliuliza swali la kiufundi.

"Vinapatikana wapi?"

"Mahali popote penye maji yasiyosumbuliwa. Kwenye mabwawa yangu vimejaa tele, ningekuletea ndoo nzima leo hii. Sikuletei. Vyako unavyo."

"Hapa hakuna. Nimesugua kila mahali."

"Kila mahali?"

Mzee akafungua mdomo kusema ndiyo. Lakini kama ilivyosemwa, uongo ulikuwa haumkai mdomoni.

Kulikuwa na mahali pamoja. Nyuma ya bafu, kati ya ukuta wa bafu na ukuta wa mpaka, kulikuwa na kichochoro chenye mlango wa bati, na huko ndiko mkewe alikokuwa akioshea miguu. Kulikuwa na koki inayovuja. Fundi wa maji wa mji mzima, nyumbani kwake koki inavuja! Miaka tisa mzee alitaka kuitengeneza, miaka tisa mkewe alimkatalia. Iache itone, alisema, inaninyweshea mnanaa wangu. Chini ya koki alikuwa amemwaga kokoto za kusimamia, na hazikuwa kokoto za kununua. Alikuwa akiziokota kila alikokwenda, msibani, harusini, safarini, anarudi na mbili tatu kwenye mkoba, mpaka mzee akawa anamuuliza kama anajenga barabara. Tangu mazishi, ule mlango wa bati haukuwa umefunguliwa. Mzee alisugua nyumba yote, alisugua mpaka ukuta wa nje, lakini akifika pale brashi ilikuwa inageuka yenyewe.

Alikwenda kesho yake asubuhi. Kwa mazoea alikuwa ameshika brashi. Aliiona mkononi mwake akiwa mlangoni, akaiweka chini, akafungua.

Koki ilikuwa bado inatona. Ndala za mkewe zilikuwa zimening'inia kwenye msumari, moja imegeukia ukutani. Mnanaa ulikuwa umejaa kila mahali, umepanda mpaka kwenye jiwe la kusugulia nyayo, bila mtu kuutunza, na chini yake kokoto zilikuwa zimevaa ute wa kijani na wa kahawia, mnene, unaong'aa. Ulikuwa uchafu wa mwaka mzima na zaidi. Mzee Dawa alisimama akautazama, kisha akachuchumaa, akaweka kiganja juu yake. Alilia hapo, si kwa sauti, kwa muda wa ndoo moja kujaa.

Halafu akazoa kokoto kwa mikono, akazijaza kwenye beseni pamoja na mizizi ya mnanaa iliyong'ang'ania, akabeba bila kuziosha, akazimwaga katikati ya kokoto zake nyeupe. Mikono yake ilikuwa kijani mpaka kwenye viwiko. Aliiacha hivyo mpaka jioni, na hiyo nayo ilikuwa rekodi. Brashi zote na chupa zote za dawa alizifungia kabatini, ufunguo akampa shemeji, kama mlevi anavyomkabidhi mtu funguo za baa.

Mwezi wa tatu ulikuwa mrefu. Shemeji alileta perege kumi na wawili tu. Alisema hana imani ya ishirini. Mzee alikuwa hafanyi kitu, na kutofanya kitu ndiko kulikomchosha. Ute ukaanza kusambaa kutoka kwenye kokoto za mkewe kwenda kwenye zile nyeupe, kidogo kidogo, na yeye ameketi kwenye kigoda mikono ameikalia. Wiki ya kwanza aliota anasugua. Wiki ya pili maji yakapata rangi, yakanuka, yakamtia jasho, halafu siku moja yakatakata yenyewe mpaka akaona magamba ya samaki. Alipima. Akapima tena. Aliandika kwenye daftari: "Maji yamejisafisha." Akakata, akaandika: "Maji yamesafishwa." Spinachi zilishika, zikatoa majani mapana kama kiganja. Mnanaa ukachipua bila kupandwa. Paka alirudi, akakaa juu ya ukuta akiwatazama samaki mchana kutwa, na mzee aliona hana haja ya kumuuliza sababu.

Jumamosi ya mwisho wa muhula alitoka mapema kwenda dukani. Alitaka kununua sukari ya chai, na mafuta ili ampikie binti spinachi, kitu ambacho hakuwahi kukifanya maishani. Alikuwa amemuuliza shemeji mara tatu kitunguu kinaingia saa ngapi. Njiani alitembea haraka. Alikuwa na furaha na alikuwa na hofu.

Aliporudi mlango wa uani ulikuwa wazi. Binti alikuwa amewahi, na ufunguo wake anao.

Mtoto wa nyoka ni nyoka. Binti alikuwa amekunja mikono ya blauzi mpaka juu, amechutama. Pampu ilikuwa imezimwa. Nusu ya kokoto zilikuwa zimetolewa, zimelundikwa kwenye beseni la maji, zile za katikati hasa, zenye ute mnene kuliko zote. Mkononi alikuwa na brashi mpya, na mkono wa pili alikuwa amekwishafungua kifuniko cha chupa ya dawa aliyokuja nayo kwenye mkoba.

"Nimekuonea huruma, Baba," alisema bila kuinua kichwa. "Samaki wapo, nimewaona, hongera sana. Lakini hizi zimeoza kabisa. Ngoja nikuoshee."

"Acha!"

Mzee Dawa hakuwa amepaza sauti tangu binti akiwa darasa la pili. Paka alianguka kutoka ukutani. Sukari, sijui mafuta, kitu kimoja kilipasuka kwenye sakafu, hakuna aliyeangalia.

"Usimwage! Weka chini! Weka chini hiyo chupa, funga!"

Binti aliweka chini, akafunga. Uso wake ulikuwa wa mtoto. "Baba, ni uchafu tu."

"Ni wa mama yako," alisema mzee.

Ikabidi aeleze, na alieleza vibaya, kwa mpangilio wa kiufundi, akianzia kwenye mkojo wa samaki. Alieleza ute, wafanyakazi, sumu, mlango wa bati, koki, mnanaa, kokoto za misibani na harusini. Alisema hakuna tone la dawa lililowahi kufika pale alipokuwa akisimama mama, ukiacha la bombani ambalo ni la kisheria. Alisema kila kitu kingine cha mama amekisugua mwenyewe kwa mikono hii, alama za vidole ukutani, harufu kwenye mito, doa la mafuta mlangoni pa jiko, vyote, mpaka akabaki na nyumba safi isiyo na mtu. "Hicho ndicho kilichobaki," alisema, akionyesha beseni. "Ndicho kinachowaweka hai samaki."

Binti alitazama mikono yake. Ilikuwa imejaa ute na vipande vya majani. Aliinua kiganja taratibu, akakinusa, na kilikuwa kinanuka mnanaa. Hapo ndipo mkaguzi wa shule alipokaa chini sakafuni, kwenye sketi yake ya kazi, akalia kama alivyopaswa kulia mwaka uliopita.

"Unajua kwa nini nilitaka uje kwangu?" alisema baadaye. "Nikija hapa simkuti. Kila mwezi nanusa, nanusa, nakuta dawa. Nikasema bora nikutoe wewe, nyumba hii ifungwe, nisije tena."

"Mimi nilidhani unanusa usafi."

"Usafi ndio niliokuwa naupa kumi, Baba. Niliyekuwa namtafuta ni mama."

Walizirudisha kokoto pamoja, kwa mikono, bila kuzisuuza. Mzee alimwelekeza: zilaze, usizirushe, wafanyakazi hawapendi kushtuliwa. Pampu ikawashwa, maji yakapanda, yakashuka. Walihesabu perege; walikuwa kumi na wawili.

"Wanalika?" aliuliza binti.

"Bado. Wanaishi kwanza."

Binti aliuliza kama ile koki inavuja mpaka leo. Mzee akasema inavuja. Binti akavua viatu, akaenda nyuma ya bafu, mlango wa bati ukalia. Alikaa huko kitambo. Mzee aliokota vipande vya chupa, akatazama yale mafuta yaliyomwagika sakafuni, mkono ukamwasha, akauacha uwashe. Binti aliporudi miguu yake ilikuwa imelowa na alikuwa amevaa ndala za mama yake, ambazo zilimtosha.

Alikaa kwenye kigoda, akafungua daftari kwa vidole vyenye kijani kwenye kucha. Aliandika kwa muda, bila kuficha ukurasa. Chakula: kipo. Afya: nzuri. Mazingira: paka amerudi. Alipofika kwenye safu ya mwisho aliinua macho, akatazama mafuta sakafuni, ute kwenye pipa, mikono ya baba yake. Akaandika, akachana ukurasa, akampa.

Mzee Dawa alivaa miwani. Kwenye Usafi palikuwa pameandikwa: "Hauridhishi." Na chini yake, kwa herufi kubwa, "Abaki alipo."

Miaka thelathini na moja kazini hakuna mtu aliyewahi kumwandikia neno kama lile. Alilisoma mara mbili, kisha akamrudishia binti karatasi na kalamu, akamwomba atie sahihi, isije ikasemwa vinginevyo baadaye.